Mkaguzi wa Zamu

Wanaosema kwamba Mkaguzi alikuwa mkorofi hawasemi uongo. Alikuwa mkorofi. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja, nimegombana naye kwa simu, kwa barua pepe na uso kwa uso, na mara mbili nimeapa kwamba sitamsalimia tena. Ninachokataa ni ile sauti wanayotumia wanaposema, kana kwamba ukorofi wake ulikuwa ugonjwa na watu wenye akili zao wakauvumilia. Hapana. Ukorofi ulikuwa ndiyo kazi yenyewe, na aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona mbele ya kompyuta.

Jina lake silitaji kwa sababu hajanipa ruhusa, na ukoo wake haumhusu mtu. Yuko hai, anaishi Kinampanda, na akijua naandika haya atataka kuyakagua. Kazi yake niieleze kwa kifupi. Ndani ya kila kompyuta na kila simu kuna sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayoitwa kiini. Programu zote zinaitaka prosesa, ubongo wa mashine, kwa wakati mmoja, na kiini ndicho kinachopanga zamu: wewe fanya kidogo, wewe subiri, wewe amka. Mistari inayopanga zamu hizo huandikwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana, wanatumiana mabadiliko kwa barua pepe. Badiliko haliingii mpaka mkaguzi alisome, kisha aandike chini yake kwamba amelikagua, na aweke jina. Mama huyu alikuwa mmoja wa wakaguzi wa sehemu ya zamu. Aliifanya kazi hiyo kutoka kwenye nyumba ya bati yenye shamba la alizeti nyuma na banda la kuku mbele.

Nilimfahamu kwa sababu ya karatasi. Nilikuwa na duka la kuchapisha na kutengeneza kompyuta Singida Mjini, karibu na soko. Akaja siku moja na flashi kaifunga kwenye pindo la khanga.

"Nichapishie upande mmoja tu," akasema baada ya kupokea shikamoo yangu. "Nyuma nataka kuandika."

Nikafungua faili nikidhani ni mitihani ya shule. Zilikuwa kurasa arobaini za msimbo, maagizo anayoandikiwa kompyuta. Nikasoma ya kwanza, nikasoma ya pili, nikasahau kuchapisha.

"Unaelewa?" akauliza.

"Kidogo, mama."

"Kidogo ipi?"

Nikamweleza kipande kimoja nilichodhani nakifahamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimekosea, akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Wateja walijaa mlangoni na yeye hakugeuka kuwatazama. Ndivyo nilivyoanza kufundishwa, na hadi leo sijui nani alimwomba mwenzake.

Kijijini walimwita Mama Mkaguzi bila kujua anakagua nini. Walisikia tu kwamba ni mkaguzi na kwamba anatumiwa makaratasi. Mwalimu mkuu mmoja aliyehamia pale aliamini ametumwa na wilaya. Akamkaribisha ofisini, akamwagizia soda, akamletea madaftari ya mahudhurio ya mwaka mzima. Mkaguzi alikunywa soda yote, akapitia madaftari yote, akamwonyesha makosa manne ya kujumlisha, ndipo akamwambia kwamba yeye hahusiki na shule. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alitaka kuona makosa kwanza.

Hakusoma msimbo kwenye kioo. Alisema kioo kinamfanya mtu aamini. Alikaa kwenye benchi lake na karatasi mapajani, penseli mkononi, anafuata mstari kwa mstari na kuandika nyuma ya kila ukurasa. Akimaliza alitaka mwandishi mwenyewe amsomee. Wale wa nje hakuwapata, waliandikiana tu. Sisi wa hapa, mimi na wengine wawili watatu aliowafundisha, hatukuponyoka. Sharti lake lilikuwa kwamba umweleze badiliko lako kwa lugha ya nyumbani kwenu. Mimi ni Mnyaturu wa Ihanja, yeye ni Mnyiramba, na Kinyaturu alikisikia vizuri kiasi cha kukutega.

"Kinyaturu hakina maneno hayo, mama," nilimwambia siku ya kwanza.

"Nyie Wanyaturu hamnyweshi ng'ombe kisimani?"

"Tunanywesha."

"Kuna anayekunywa na kuna anayesubiri?"

"Wapo."

"Basi kinatosha. Anza."

Nikaanza, na nilipofika katikati nikagundua kwamba kuna mistari sita sijui kwa nini niliiandika. Niliinakili mahali. Kwa Kiingereza ningepita juu yake vizuri kabisa, na watu wangenisifu. Yeye aliandika nyuma ya karatasi, kwa penseli, kwamba mwandishi hajui anachotaka. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaifuta ile mistari.

Sasa sikilizeni jambo ambalo maadui zake hawalijui, la sivyo wangelitumia. Mtu huyu aliyepigania zamu ya kila programu hakuwahi kupanga foleni maishani mwake. Kwenye mashine ya kukamua alizeti alipita moja kwa moja mpaka kwa mwendeshaji na gunia lake kichwani. Zahanati alikwenda dirishani. Nilikuwa naye siku moja pale kwenye mashine, akina mama wanasonya, mmoja akamwambia wazi, "Mama Mkaguzi, sisi tumefika tangu saa moja." Akajibu, "Nimewaona," akaendelea kumimina. Nikiwa nambebea madumu njiani nilimwambia kwamba naona aibu.

"Aibu ya nini? Wameshanisema."

"Ndiyo, wamekusema."

"Na kesho watanisema tena, na siku moja watanifukuza. Watu wana midomo. Programu ikinyimwa zamu haisemi kitu, inakaa tu pale inasubiri, na wewe unaona mashine inafanya kazi." Akatembea kidogo. "Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusema."

Simtetei kwa hili. Ilikuwa tabia mbaya, na yule mama aliyefika saa moja alikuwa na haki. Ila nimekutana na watu wengi wanaopanga foleni kwa adabu nzuri kabisa na hawajawahi kumsemea yeyote.

Salamu zilikuwa jambo jingine. Kwetu sisi ukianza maelezo bila shikamoo alikata simu. Ukipiga tena alipokea kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Lakini barua zake kwa wale wa nje hazikuwa na salamu wala kwaheri. Ziliandikwa mistari miwili, mitatu: hapana, mstari wa mia na kumi, nani anaamsha hii. Wengi walidhani ni mwanaume, tena kijana mwenye kiburi. Mmoja alimwandikia kwa miaka akimwita bwana. Hakumsahihisha. Alisema siku huyo bwana atakapokosea kwenye msimbo atamsahihisha, kwa haya mengine hana muda.

Nifike kwenye mayai, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Mkaguzi alikuwa na kisanduku cha kutotolesha vifaranga, alichokitengeneza mwenyewe kwa mbao na taa za joto. Kiliendeshwa na kompyuta kuukuu yenye prosesa moja, iliyonunuliwa ikiwa imeshachoka. Programu ndogo ilikuwa inalala, inaamka baada ya sekunde kadhaa, inasoma joto, inawasha au kuzima taa, inalala tena. Kila badiliko la zamu aliloletewa aliliweka kwenye mashine ile, akapanga mayai sitini ya kuku wa kienyeji, akasubiri siku ishirini na moja. Duniani kote wakaguzi walijaribu kwa vipimo vinavyomalizika baada ya saa moja. Yeye alikuwa na wiki tatu zake, na walimsubiri wakinung'unika.

Badiliko lililomtoa kazini ni langu. Naliandika hapa kwa mkono wangu ili lisije likasemwa vingine.

Kampuni moja ya nje ilikuwa imenichukua kwa majaribio. Walitaka simu zao ziitikie kidole haraka zaidi, na waliniambia badiliko likiingia kwenye kiini, nafasi ni yangu. Nikaandika hivi: programu inayoamka mara kwa mara, kama ile inayochora kioo, ikiamka irudi mbele ya foleni. Ile inayolala muda mrefu na kuamka kwa nadra isubiri kidogo. Nilijaribu kwenye mashine ya kampuni yenye prosesa kumi na sita na matokeo yalikuwa mazuri mno. Nilimweleza Mkaguzi kwa Kinyaturu, vizuri, bila kukwama. Akaniuliza swali moja, kama nimejaribu kwenye mashine ndogo. Nikamwambia mashine ndogo zimekwisha, mama. Hakubishana. Akapanga mayai.

Siku ya kumi na nane alinipigia simu asubuhi nikiwa dukani.

"Njoo Kinampanda," akasema.

"Kuna nini?"

"Njoo uone kazi yako."

Nilipofika alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango na ungo mbele yake. Alikuwa anapasua mayai moja moja. Ndani ya kila yai kulikuwa na kifaranga aliyekamilika, ana mdomo, ana manyoya yaliyolowa, amekufa. Alikuwa ameiongezea ile kompyuta kazi ya kutuma picha za banda kwa simu, jambo ambalo mfugaji yeyote angeweza kulifanya. Programu za picha ziliamka mara kwa mara, kila zikiamka zikarudi mbele, na ile ndogo ya joto iliyolala kwa heshima zake ikasukumwa nyuma, na nyuma tena. Taa zikabaki zinawaka, joto likapita kiasi. Kwenye mashine yangu kubwa nafasi zilikuwa nyingi, hakuna aliyesukumwa, ndiyo maana sikuona.

"Ni mayai tu, mama," nilisema. Nilisema hivyo kweli. Nafasi yangu ya kazi ilikuwa imelala pale kwenye ungo pamoja na vile vifaranga, na ndiyo pekee niliyokuwa naiona.

"Leo ni mayai," akasema, akapasua lingine.

Akaandika kwa wote, mistari mitatu kama kawaida yake: Sikubali. Vifaranga sitini wamekufa wakingoja zamu ya kuzimiwa taa. Mwandishi ajaribu kwenye prosesa moja. Nyinyi hamkuziona barua zilizofuata, mimi niliziona. Walicheka. Mmoja aliuliza kama kiini cha dunia nzima sasa kinaongozwa na kuku. Mwingine, kwa ustaarabu zaidi, aliuliza kwa nini alijaribu kwenye mayai yenye uhai badala ya sanduku tupu. Hilo alilijibu: kwa sababu nyinyi mtalijaribu kwenye watu. Akawatajia zile mashine za bei nafuu zinazopima joto la chumba cha watoto njiti, zinazolinda friji za chanjo, zenye prosesa moja kama yake, ambazo wenye nazo hawamo kwenye orodha ya barua na hawatakuwamo.

Msimamizi wa sehemu ile, mtu wa mbali ambaye sijawahi kumwona, alimwomba akubali kwa masharti. Akakataa. Akamwomba basi anyamaze, wakaguzi wengine wanatosha. Akakataa na hilo, akatuma tena zile sentensi tatu, na wiki iliyofuata akazituma tena. Mwishowe badiliko likaingia licha ya pingamizi lake, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya wakaguzi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba anachelewesha kazi za wengine.

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nimeona ule ungo kwa macho yangu. Kama ningeandika mstari mmoja kuthibitisha alichosema, badiliko lisingeingia, maana lilikuwa langu. Sikuandika. Nikapata nafasi, nikafunga duka, nikahamia Dar es Salaam, nikanunua kiti kizuri cha kukalia. Naona aibu, na sitaki mtu aniambie kwamba nilikuwa kijana na njaa ilinisumbua. Wangapi wana njaa na hawakufanya hivyo.

Hakunitupa. Niliendelea kumpigia, aliendelea kupokea, aliuliza hali ya watoto wangu na bei ya unga Dar. Neno la badiliko lile hakulisema tena hata mara moja. Ningefurahi angenitukana.

Mwaka huu barua zilianza kuja kwenye ile orodha ya barua pepe. Mtu mmoja wa nchi ambayo sijafika aliandika kwamba kifaa chake kidogo cha friji ya chanjo kinachelewa kupiga kengele, wakati mwingine kwa dakika nyingi, na hajui kwa nini. Akaambiwa anunue kipya. Mwingine akaandika vivyo hivyo, naye akaambiwa anunue kipya. Nilisoma nikajua. Nikaandika badiliko la kuliondoa badiliko langu. Kazini waliposikia waliniita, wakaniambia simu zetu zinalitegemea, niliache. Niliwaambia simu zao zitachelewa kuitikia kidole kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hawakufurahi, na sikuwa nimetafuta wafurahi. Nikaliweka kwenye flashi, nikalituma Kinampanda, kisha nikasubiri wiki tatu kama watu wote waliowahi kumsubiri.

Nilikwenda mwenyewe baada ya mavuno ya alizeti. Bodaboda kutoka Kiomboi ilinishusha mlangoni. Amepungua sana, na mtoto wa jicho amemfunika jicho moja na kuanza kulila la pili, karatasi hawezi tena. Vifaranga walikuwa wanalia kwenye boksi karibu na jiko, nikaelewa kwamba mayai yalishamaliza siku zake salama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Soma kwanza, chakula kipo."

Nikamsomea kwa Kinyaturu, kila mstari. Aliitikia kwa kichwa polepole, hakunikatiza hata mara moja, jambo lililonitisha. Nikamaliza msimbo, nikasoma na maelezo yanayoandikwa juu ya badiliko ili watakaokuja wajue kwa nini lilifanyika.

"Rudia hapo," akasema. "Badiliko la awali limefanya nini?"

"Nimeandika kwamba badiliko la awali lilisababisha ucheleweshaji kwenye mashine ndogo."

"Lilijiandika lenyewe?"

Nikarudisha macho kwenye mstari ule.

"Nakuuliza wewe mtu wa Ihanja. Lilijiandika?"

"Niliandika mimi."

"Sasa mbona hapo hayupo mtu? Anayesoma miaka ishirini ijayo atamuuliza nani? Andika aliyekosea. Bila hivyo siweki jina langu."

Nikakaa kwenye lile benchi lake nikaandika. Kwamba badiliko lile ni langu, kwamba nililijaribu kwenye mashine kubwa peke yake, kwamba nilionywa na nikanyamaza. Nikamsomea tena. Akasema sasa ni kweli, weka. Nikaandika chini kabisa kwamba limekaguliwa, nikaandika jina lake, lote, kama alivyonitajia. Nikasimama nje karibu na banda, ambako mtandao unapatikana, nikalituma.

Tulikuwa tunakula ugali wa mtama na mlenda jibu lilipoingia. Nikamtafsiria. Msimamizi alisema kazi ni nzuri na maelezo ni ya kiungwana. Aliomba jambo moja dogo, kwamba niondoe jina la mkaguzi huyo kwa kuwa hayumo tena kwenye orodha, niweke la mwingine, naye ataliingiza leo hii.

Mkaguzi alinawa mkono taratibu.

"Ondoa," akasema.

"Hapana, mama."

Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwambia neno hilo. Aligeuza uso kunitafuta kwa lile jicho lililobaki.

"Mimi sijali jina. Friji za watu zinaharibika. Ondoa, liingie."

"Mwenye friji nimeshamtumia, na mwenzake pia. Wataliweka leo kwenye mashine zao, hawahitaji kumsubiri yule. Lakini kule kwenye kiini haliingii bila wewe."

"Ukaidi huo umeutoa wapi?"

"Umesema niandike aliyekosea ili maelezo yawe kweli. Nimeandika. Aliyeliona kosa ni nani? Aliyelikagua hili ni nani? Nikiweka mwingine, nitakuwa nimeandika uongo, na wewe usingesaini uongo."

Akanisogezea bakuli la mlenda, akaniambia nile, ugali unapoa.

Nilimaliza kula, nikatoka, nikalituma upya bila kugusa herufi. Hawakujibu. Wiki iliyofuata nikalituma tena, na iliyofuata tena. Kazini wameniandikia barua ya onyo, ninayo kwenye droo. Leo asubuhi nimelituma kwa mara ya tisa, na jina lake lipo.